Wimbo wa Tatu, Upande wa Pili

Mimi ndiye niliyeandika ile karatasi ya kaseti.

Nimelikana jambo hili kwa miaka mingi kuliko umri wa baadhi ya wanaoniuliza. Nililikana mbele ya mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamivu aliyenifuata hadi Mwanza na kinasa sauti. Nililikana kwenye semina moja nikiwa nimekaa mstari wa mbele, huku msemaji akisoma sentensi zangu na kuziita kazi ya "kalamu isiyojulikana lakini yenye uchungu." Niliona aibu. Niseme ukweli wote, niliona na raha kidogo, maana hakuna aliyewahi kuisifu kalamu yangu namna ile nikiwa najulikana.

Kwa asiyeifahamu, ni kaseti ya nyimbo nane, ya vijana wanne wa Tarime, iliyorekodiwa miaka ile dhahabu ilipowatoa watu mashuleni, mashambani na hata madhabahuni. Siku hizi inaitwa albamu, na muziki wake unaitwa roki mbadala. Mbadala wa nini, wataalamu hawasemi. Sisi tuliiita kaseti ya njano, kwa sababu ya karatasi yake, na wazee waliiita kelele.

Sitaki kuidharau. Kabla yake, muziki wote uliotufikia ulikuwa wa watu wengine. Wa ng'ambo ya mpaka wa Sirari ulikuja na redio, wa Dar es Salaam ulikuja na mabasi, na vijana wetu waliimba wakijifanya wamezaliwa kwingine. Hawa wanne walinunua magitaa mawili ya umeme Kenya, wakaifungia litungu, kinubi chetu cha nyuzi nane, kipaza sauti kwa mpira wa baiskeli, wakaimba Kiswahili chetu kama tunavyokisema, kigumu, kimechanganyika na Kikurya, bila kukipiga pasi. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia hasira ya watu ninaowafahamu ikitoka kwenye spika. Waliimba juu ya shimo lililofukia watu, juu ya mwalimu aliyeacha chaki akashika sururu, juu ya maji ya mto yaliyobadilika rangi. Kaseti ilipigwa kwenye malori, kwenye vilabu vya machimboni, na pande zote mbili za mpaka. Ndiyo maana yake, na inatosha.

Lakini wataalamu haiwatoshi. Nimesoma makala moja inayosema ule mshindo mzito wa nyimbo zote nane ni "mwangwi wa mtambo wa kusaga mawe, sauti ya mtaji ikimeza ardhi." Ni viatu! Bendi haikuwa na ngoma. Mmoja wao alivaa viatu vya mbao vya wachezaji wetu, vile vizito vinavyomwongezea mtu urefu, akavipiga juu ya jukwaa la ukumbi pale Bomani siku tatu mfululizo. Nilikuwepo. Mtaji haukumeza kitu pale, ila yeye alitoka na malengelenge na kutembea pekupeku wiki nzima.

Hilo la viatu nalicheka. Nisilolicheka ni wimbo wa tatu, upande wa pili.

Ili nieleweke vizuri, lazima nimlete bibi yangu mzaa mama. Bibi alizaa mabinti watupu. Kwetu, mwanamke wa namna hiyo akiwa na ng'ombe wake anaruhusiwa kuoa. Anatoa mahari, analeta msichana nyumbani, na watoto wa msichana huyo wanakuwa wa mji wa bibi. Tunaiita nyumba ntobhu. Bibi alioa. Kwa hesabu ya wazee, msichana yule alikuwa mke wa mjomba wangu ambaye hakuwahi kuzaliwa. Yeye mwenyewe alipochoshwa na hesabu hiyo alisema bibi ndiye mume wake, basi. Mimi nilimwita mama mdogo, kwa kukosa neno jingine. Alikuwa amenizidi miaka saba au minane, na ndiye aliyenipikia uji kila asubuhi niliposoma shule ya msingi nikikaa kwa bibi.

Dhahabu ilipopamba moto, mama mdogo alikwenda machimboni kuponda mawe. Wanaume walishuka shimoni, wanawake walikaa juu kwenye jua, miguu wameinyoosha, nyundo mkononi, wakiponda jiwe hadi liwe unga. Nami wakati huo nilikuwa mwaka wa pili chuo kikuu, umri ambao mtu anaiona jamii kila mahali isipokuwa nyumbani kwao.

Likizo hiyo nilijipachika kwenye bendi. Sikujua kupiga chochote. Kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye kiti cha plastiki na daftari, nikitikisa kichwa kama mtu anayeelewa. Siku ya tatu ya kurekodi, mwimbaji alikuwa amekaukiwa na koo, na wimbo mmoja ulibaki bila sauti. Mama mdogo akaingia ukumbini. Alikuwa amenibebea unga wa ulezi kutoka kwa bibi, na mkononi alishika nyundo yake, iliyotoka kwa fundi kubadilishwa mpini. Alisimama mlangoni akasikiliza.

"Huyu anaimba," akauliza, "au anaita ng'ombe?"

Mpiga gitaa, aliyekuwa kiongozi wao, akamjibu kwa kejeli, "Karibu uimbe wewe basi, mama."

"Jiwe liko wapi?"

"Jiwe la nini tena?"

"Mura, we kijana, mimi siimbi mikono mitupu."

Wakacheka, wakamletea jiwe lililozuia mlango usijifunge, na dogo la kuponda juu yake. Akakaa chini, akanyoosha miguu, akainua nyundo.

Anayeponda mawe huimba nyundo ikiwa juu. Nyundo ikishuka, anafunga mdomo, asije akameza vumbi. Kwa hiyo sauti inakatwa kila inapotaka kunyooka, halafu inatokea tena pale usipoitegemea. Magitaa yalipotea mara tatu. Mama mdogo akasimamisha kazi, akawaambia, "Msilifuate jiwe. Nifuateni mimi." Wakamfuata. Mara ya nne walipatana, na hata mimi niliyejua vitabu vingi na muziki kidogo nilisisimka mwili.

Aliimba kwa Kikurya. Kwa Kiswahili alisema hivi: dereva wa lori, usinisumbue, nina mume. Mnunuzi wa dhahabu, rudisha mkono wako, nina mume. Askari mwenye redio, nina mume. Mume wangu anavaa kitenge, na akikohoa, ng'ombe husimama.

Ukumbi mzima ulivunjika mbavu. Kila mtu alijua anamsema bibi. Ilikuwa ni dawa aliyoitunga mwenyewe kule machimboni kuwafukuza wanaume, na wanawake wenzake waliiitikia wakiponda.

Wiki mbili baadaye kiongozi wa bendi akaniomba niandike maelezo ya kwenye karatasi ya kaseti, kwa kuwa nilikuwa msomi. Niliyaandika mchana mmoja, mbele ya duka la mama. Nyimbo saba sikupata shida. Nilipofika kwa mama mdogo kalamu ikasimama. Ningeandika jina gani? Alitumia jina la bibi, kama mke anavyotumia la mumewe. Nikiandika jina hilo, wenzangu wa chuo watauliza huyu ni nani yako, na mimi itabidi nieleze kwamba bibi yangu ana mke. Chuoni nilikuwa nimejieleza kuwa mtoto wa mfanyabiashara wa Bomani, na maelezo yaliishia hapo.

Basi nikaandika: "Wimbo wa jadi wa kuomboleza ardhi. Mwimbaji hajulikani."

Kiongozi wa bendi alisoma akakunja uso. "Si yule mama aliyekuletea unga?"

"Kisanaa," nikamwambia, "inapendeza zaidi hivi."

Akaniamini. Ndicho kilichokuwa kibaya na elimu yangu, watu waliiamini.

Sentensi zile mbili zimezaa kizazi. Yule mwanafunzi wa uzamivu aliandika sura nzima kuhusu mume anayevaa kitenge. Mume huyo, kwa mujibu wake, ni taifa lililovuliwa heshima na wachimbaji wa kigeni, likabaki na nguo za kike. Bibi yangu! Mwanamke aliyekuwa akivaa kitenge kwa sababu alikuwa mwanamke na kilikuwa kizuri! Mwingine akaandika kwamba ile sauti ya kukatika ni "ukimya wa waliodhulumiwa." Ni vumbi, jamani. Mtu amefunga mdomo asile vumbi. Nilisoma makala hizo nikiuma meno, nikatamani kuwaandikia niwaulize nani aliwadanganya, halafu nikakumbuka nani.

Mama mdogo mwenyewe hakujua lolote kati ya haya. Bibi alipofariki alihamia upande wa Serengeti, kijiji kimoja karibu na Mugumu, kwa mwanawe wa kiume. Kijana huyo alipata kazi ya kufua mashuka kwenye loji moja kule Ikoma. Siku moja akiwa anaanika, akasikia sauti ya mama yake ikitoka kwenye spika za baraza wanapokunywa chai wageni. Mezani paliwekwa kadi ya kueleza muziki, imeandikwa kwamba sauti hiyo ni ya mwanamke asiyejulikana wa machimbo ya kale. Akamwambia msimamizi, huyu ni mama yangu. Msimamizi akamwambia mashuka yanamsubiri.

Kijana akarudi nyumbani na wimbo kwenye simu. Mama mdogo akausikiliza, akafurahi kama mtoto, akaupeleka kanisani, kwa kuwa yeye ni wa kikundi cha kina mama na ni mwanakwaya. "Huyu ni mimi," akawaambia. Mwalimu wa kwaya akachukua simu yake, akatafuta, akasoma mbele ya wote: mwimbaji hajulikani, wimbo wa jadi.

"Mama," akasema, "imeandikwa."

Wakamtaka aombe msamaha kwa kujitwalia kitu cha mababu. Akakataa. Wakamwambia basi akae nje ya kwaya hadi moyo wake ulainike. Tangu siku hiyo alikaa benchi la mwisho, karibu na mlango, mwanamke mwenye sauti kuliko wote mle ndani, amefunga mdomo.

Nilizikuta habari hizi nilipokwenda Mugumu kwenye harusi ya kijana yule. Kina mama wa kanisani kwake walikuwa jikoni wanamenya ndizi. Mama mdogo akanishika mkono, akanivuta katikati yao, uso ukimng'aa.

"Huyu alikuwepo," akasema. "Amesoma huyu, hawezi kusema uongo. Mwulizeni nani aliimba."

Wakaniangalia. Nilikuwa nimevaa miwani yangu ya kusomea, ile inayonifanya nifanane na mtu wa kuaminika. Nikafikiria ile semina, yule msemaji, zile sifa, na kwamba nikisema ni yeye, swali la pili litakuwa nani basi aliandika hajulikani.

"Ni zamani sana," nikasema. "Sikumbuki vizuri."

Mama mdogo akaniachia mkono. Alirudi kwenye ndizi zake akamenya, na mimi nikatoka nje nikajifanya natafuta mtandao.

Nilirudi Mwanza nimejaa hasira. Niliukasirikia uongozi wa kanisa kwa kumwamini mwandishi wasiyemjua kuliko mama wanayemjua. Niliikasirikia loji. Niliwakasirikia wasomi. Miezi miwili nilikuwa mtu wa kukasirika tu, nikigombana na watu sokoni juu ya nyanya, hadi ikaja barua pepe: kampuni moja ya ng'ambo inatoa upya albamu ile, na wakala wao wa Dar es Salaam anaomba ruhusa ya kunukuu makala yangu moja ya zamani. Aliambatanisha maelezo mapya. Wimbo wa tatu, upande wa pili: wimbo wa jadi, mwimbaji hajulikani.

Nikampigia. Alikuwa kijana, mwenye adabu kupita kiasi.

"Shikamoo mama."

Mama! Nikalimeza hilo. Nikamweleza kwamba mwimbaji anajulikana, yu hai, anaishi karibu na Mugumu na ana namba ya simu.

"Mama, nakuelewa kabisa," akasema. "Lakini kusema kweli, hilo fumbo ndilo linalowavutia wasikilizaji. Tukiweka jina tutakuwa tumeondoa kitu."

"Mnaondoaje kitu kwa kuongeza mtu?"

"Kisanaa, mama, inapendeza zaidi hivi."

Ni jambo la kutisha kusikia ujinga wako mwenyewe, neno kwa neno, kutoka kwa mtu aliyekuwa hajazaliwa ulipousema. Ndipo nikamwambia. Mimi ndiye niliyeandika ile karatasi, nikiwa na miaka ishirini na mmoja, kwa sababu niliona haya. Mara ya kwanza kuyatoa mdomoni, na niliyatoa kwa mtu wa Dar es Salaam nisiyewahi kumwona.

Naye hakuniamini. Wengi wanajitokeza siku hizi, akasema, wakijua kitu kinatolewa upya. Hata hivyo, kwa sababu ya adabu yake, akafikiria kidogo. Mpiga litungu, aliyebaki peke yake kati ya wanne, amewapa mkanda wa asili. Kwenye mkanda huo wimbo wa tatu una ubeti mmoja wa mwisho ambao haumo kwenye kaseti. Hakuna aliyewahi kuusikia nje ya ukumbi ule. "Kama kweli ndiye," akasema, "auseme yeye. Nitapiga Jumamosi saa nne asubuhi."

Ubeti huo niliujua. Nilikuwa nimemwambia kiongozi wa bendi aukate, kwamba wimbo ni mrefu mno.

Ijumaa nikapanda basi. Nilimkuta mama mdogo nje, anachambua maharage kwenye ungo. Nilikuwa nimeandaa hotuba njia nzima, na haikutoka hata sentensi moja iliyonyooka. Nikasema tu, "Ile karatasi niliandika mimi."

"Najua," akajibu, hakuinua macho.

"Ulijuaje?"

"Pale ukumbini nani mwingine alikuwa na kalamu?"

"Mbona hukusema siku ya harusi?"

"Nilikuwa nakupa nafasi useme wewe." Akatupa kijiwe kutoka kwenye ungo. "Ulivyoniangalia siku ile, na hiyo miwani yako! Nilitaka nikupige ndizi."

Nikamwomba msamaha. Akanisogezea nusu ya maharage nichambue, na baada ya muda akasema nachambua vibaya. Nikamweleza habari ya simu ya kesho. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akamwita mwanawe.

"Kesho saa tatu nenda kwa mwalimu wa kwaya. Mwambie namwita. Aje akae hapa, kwenye kigoda hiki, asikie kwa masikio yake."

Mwalimu wa kwaya alikuja, amevaa koti, ameshika Biblia kama mtu aliyeitiwa mgonjwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu anayeheshimu maandishi, na mimi ndiye niliyemwandikia uongo. Tulikaa watu wanne, simu yangu ikiwa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Ilipolia niliweka sauti ya nje.

"Shikamoo mama," wakala akasema.

"Marahaba. Haya, sema shida yako," mama mdogo akaitikia.

"Naomba, kama hutajali, ule ubeti wa mwisho. Hata kwa kuusema tu."

"Nausemaje? Kwani ni hotuba?"

Akamwashiria mwanawe, akaletewa mawe mawili ya kuvunjia karanga. Magoti yake siku hizi hayanyooki vizuri, lakini aliinyoosha miguu ilivyowezekana. Akainua jiwe. Sauti ilitoka imekwaruza kidogo, ikakatika jiwe lilipogonga, ikatokea tena mahali palepale pa zamani. Aliimba kwa Kikurya, na mwalimu wa kwaya, ambaye ni Mkurya kama sisi, aliinamisha kichwa tangu mstari wa kwanza.

Mjukuu wa mume wangu ana kalamu, aliimba. Anaandika, anaandika, haniangalii usoni. Mwambieni mimi ni mke wa bibi yake. Hata akiona haya, uji wa asubuhi nimempikia mimi.

Akaweka jiwe chini. Upande wa pili wa simu karatasi zilisikika zikifunuliwa. Wakala alikuwa na tafsiri aliyofanyiwa na mtu, na alikuwa akiifuata mstari kwa mstari.

"Ndiyo," akasema hatimaye. "Ni hayohayo. Uji na vyote." Kisha akauliza polepole, "Na huyo mjukuu ni…?"

"Ni mimi," nikasema.

Mwalimu wa kwaya akakohoa. "Mama," akaanza, "mimi kwa upande wangu naomba…"

"Hapana," mama mdogo akamkata. "Mlinisema mbele ya watu. Jumapili utasimama mbele ya watu walewale, uyaseme hayo unayotaka kuyasema. Na huyu msomi atasimama pembeni yako." Akanigeukia. "Umesikia? Bila miwani."

"Nimesikia."

"Mama," wakala akaita kwenye simu, "naomba basi jina lako kamili, tuliandike kwenye albamu."

"Anza wewe," mama mdogo akamwambia. "Taja lako kwanza. Nisije nikawaambia watu nimepigiwa simu na asiyejulikana."

Akataja lake, la kwake na la baba yake. Mama mdogo akalirudia ili ahakikishe. Ndipo akataja la kwake, na la bibi yangu nyuma yake, akamfanya kijana yule wa Dar es Salaam amsomee herufi moja moja hadi aliporidhika kwamba limeandikwa.